Kilichofaulu maabarani huenda kisifaulu tumboni mwako

IKIWA una ugonjwa wa kisukari, au una mzazi aliye nao, bila shaka umewahi kuuziwa unga au majani ya miti shamba na kuambiwa kwamba yamepimwa yakaonekana kushusha sukari. Zamani muuzaji alitosheka kusema kwamba dawa yake inasafisha damu. Siku hizi anakuja na karatasi iliyochapishwa vizuri, na ndani yake mna neno la kitaalamu: kimeng'enya. Dawa hii, karatasi yasema, imethibitishwa maabarani kuzuia kimeng'enya cha utumbo kinachogeuza chakula kuwa sukari.

La kushangaza ni kwamba karatasi hiyo huenda haisemi uongo. Inawezekana kabisa kuwa kuna maabara iliyopima majani hayo na kuona kimeng'enya kimezuiwa. Swali ambalo mgonjwa hulisahau, na ambalo muuzaji hataki liulizwe, ni hili: kimeng'enya cha nani?

Ili tuelewane, hebu tufuate tonge moja la ugali tangu linapoingia mdomoni.

Ugali, kama vile wali, chapati, viazi na mkate, ni wanga. Na wanga ni mnyororo mrefu wa chembe za glukosi zilizoshikana. Mnyororo huo hauwezi kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Ni lazima ukatwe mpaka zibaki glukosi mojamoja, na vinavyokata ni vimeng'enya, yaani protini ambazo kazi yake ni kuharakisha mabadiliko ya aina fulani mwilini bila zenyewe kuisha.

Kazi huanza mdomoni. Tafuna kipande cha mkate kwa dakika moja au mbili bila kukimeza na utahisi utamu ambao haukuwepo mwanzoni. Huo ni mnyororo unaokatwa na kimeng'enya cha mate. Tonge likishuka tumboni asidi huisimamisha kazi hiyo. Linapoingia katika utumbo mwembamba, kongosho humwaga kimeng'enya kama kile cha mate, lakini kwa wingi zaidi, nacho huikata minyororo kuwa vipande vya glukosi mbili au tatu, pamoja na vingine vyenye matawi. Hapo kongosho limemaliza sehemu yake, na bado vipande hivyo ni vikubwa mno kuingia katika damu.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kadiri ya mita 6. Ndani yake umefunikwa na vinyweleo vidogo vidogo kama zulia, na juu ya vinyweleo hivyo ndipo walipo mafundi wa mwisho. Wanaoshughulikia wanga ni wawili: maltasi-glukoamilasi na sukrasi-isomaltasi. Majina yanachosha ulimi, najua, lakini umbo lao ni rahisi kulifikiria. Kila kimoja kimejishikiza kwa mguu kwenye ukuta wa utumbo, na kila kimoja kina visu viwili. Kwa hivyo vipo visu vinne kwa jumla, na kila kisu kina aina ya vipande kinachopendelea kukata. Kimojawapo, sukrasi, ndicho hukata pia sukari ya kawaida tunayotia katika chai, kwa maana sukari hiyo ni glukosi iliyoshikana na fruktosi.

Mtu mzima wa afya akila ugali, glukosi huingia katika damu, kongosho hutoa insulini, na sukari hurudi mahali pake. Mwenye kisukari hana insulini ya kutosha, au anayo lakini mwili wake hauitikii vyema. Kwake yeye, visu vile vinne vinafanya kazi haraka kuliko mwili wake unavyoweza kumudu. Ndiyo maana wataalamu waliwaza: je, tukivipunguzia kasi visu hivyo?

Wazo hilo lilizaa dawa. Katika miaka ya 1970 watafiti wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani walipata katika bakteria wa udongoni wa jamii ya Actinoplanes kitu kinachofanana na kipande cha wanga lakini kisichokatika. Kisu hukishika kikakwama. Dawa hiyo inaitwa acarbose. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1990, na Marekani ikaidhinishwa mwaka 1995. Humezwa pamoja na tonge la kwanza la chakula, kwa sababu ni lazima ifike kwenye utumbo wakati mmoja na wanga. Ukiimeza saa moja baada ya kula, umechelewa.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliowahusisha watu wapatao 1,400 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajafikia kiwango cha kuitwa wagonjwa. Walifuatiliwa kwa miaka zaidi ya mitatu. Kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa, watu 42 katika kila 100 walipata kisukari. Kati ya waliopewa acarbose walikuwa 32 katika kila 100. Hiyo si tofauti ya kudharauliwa. Lakini karibu thuluthi moja ya waliopewa dawa waliacha kuimeza kabla uchunguzi haujaisha, wengi wao kwa sababu ya matatizo ya tumbo. Wanga usiokatwa juu hushuka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria huusherehekea. Matokeo yake ni tumbo kujaa, kunguruma na kutoa hewa, jambo ambalo katika matatu iliyojaa si la kufurahisha.

Nimeeleza habari za acarbose kwa urefu kwa sababu ndiyo kipimo. Kila jani linalosemekana kuzuia kimeng'enya hulinganishwa nayo. Na hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Mtafiti anayetaka kujua kama jani fulani linazuia kimeng'enya huhitaji kimeng'enya chenyewe mbele yake, katika kichupa. Atakitoa wapi? Mwaka 1964 mtaalamu wa Sweden, Arne Dahlqvist, alichapisha njia ya kupima vimeng'enya hivi katika kipande kidogo tu cha utumbo, na njia hiyo imetumika kote duniani. Lakini vipande vya utumbo wa binadamu havipatikani kwa urahisi. Hutoka kwa wagonjwa wanaopasuliwa au kuchunguzwa, au kwa maiti, na kila kipande kina vimeng'enya vingi vilivyochanganyika. Kwa hivyo maabara nyingi, hasa zisizo na fedha, hutumia njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kutumia unga wa utumbo wa panya. Ya pili, ambayo ni rahisi na maarufu zaidi, ni kutumia kimeng'enya cha hamira.

Ndiyo, hamira ile ile inayoumua maandazi. Hamira nayo ina kimeng'enya cha kukata maltosi, nacho huuzwa kwa bei nafuu. Tatizo ni kwamba kimeng'enya cha hamira na kile cha utumbo wako, ijapokuwa vinafanya kazi inayofanana, si ndugu. Wanasayansi wameviweka katika koo mbili tofauti kwa sababu maumbo yao hayalingani. Ni kama kufuli mbili zinazofunga mlango wa aina moja lakini kila moja ina ufunguo wake.

Ushahidi wenyewe ni acarbose. Dawa hii, ambayo huzuia vimeng'enya vya utumbo wa binadamu kwa nguvu, huonekana dhaifu sana ikijaribiwa juu ya kimeng'enya cha hamira. Kama Bayer wangetegemea hamira peke yake, huenda wangeitupa. Na kinyume chake pia ni kweli. Mimea mingi sana, ikiwemo chai na mboga za kawaida, ina rangi na tindikali zinazozuia kimeng'enya cha hamira vizuri kuliko acarbose, lakini zikiwekwa mbele ya kimeng'enya cha utumbo wa mnyama hazifanyi kitu cha maana. Ndipo utasoma katika karatasi ya muuzaji kwamba majani yake "yameishinda dawa ya hospitali". Yameishinda katika hamira.

Dawa ya tatizo hili ni kupata kimeng'enya cha binadamu chenyewe, safi, kwa wingi, bila kumpasua mtu. Jambo hilo sasa linawezekana, na njia yake si ngeni kwa mwenye kisukari anayejidunga sindano.

Insulini ilipogunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921 ilitolewa katika kongosho la wanyama, na kwa miaka 60 wagonjwa walitegemea ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 wataalamu wa kampuni ya Genentech ya Marekani walitangaza kwamba wamefaulu kuwafanya bakteria watengeneze insulini ya binadamu. Walichofanya ni kuingiza katika bakteria maagizo ya kutengeneza insulini, yaani jeni. Bakteria hajui kusoma jina la mwenye maagizo. Akiyakuta ndani yake huyatekeleza. Mwaka 1982 insulini hiyo iliidhinishwa Marekani, na insulini nyingi inayodungwa leo hutengenezwa kwa njia ya namna hiyo.

Kimeng'enya cha utumbo ni kazi ngumu zaidi. Insulini ni protini ndogo yenye viungo 51 tu. Maltasi-glukoamilasi ina viungo zaidi ya 1,800, na vivyo hivyo sukrasi-isomaltasi. Isitoshe, mwili huvipamba vimeng'enya hivi kwa vishada vya sukari vinavyovisaidia kukaa katika umbo lake na kuhimili mazingira makali ya utumbo. Bakteria wa kawaida wa maabara hawezi kuweka mapambo hayo. Kwa hivyo jeni ya binadamu huingizwa katika chembechembe za viumbe walioendelea zaidi, kama wadudu au wanyama wanyonyeshao, ambazo hukuzwa katika vyombo vyenye maji ya virutubisho. Mara nyingi mguu ule wa kujishikizia kwenye ukuta hukatwa katika maagizo, ili kimeng'enya kielee majini na kuchotwa kwa urahisi.

Kwa njia hiyo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walitumia chembechembe za nzi wa matunda kutengeneza kimoja cha visu vya maltasi-glukoamilasi ya binadamu, na mwaka 2008 wakachapisha picha ya umbo lake, acarbose ikiwa imekwama ndani. Sasa iliwezekana kuona ni wapi hasa dawa inashika. Na kwa kuwa kila kisu kinaweza kutengenezwa peke yake, mtafiti anaweza kuuliza maswali ambayo utumbo wa panya haukuweza kuyajibu: jani hili linazuia kisu kipi, na linakiacha kipi? Hilo lina maana kubwa kwa mgonjwa, kwa sababu dawa inayopunguza kasi ya visu fulani tu huenda ikateremsha sukari bila kulijaza tumbo gesi.

Vimeng'enya vya namna hii leo huuzwa kwa watafiti vikiwa katika vichupa vidogo mno, kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho, navyo hutunzwa katika baridi kali. Juu ya kichupa huandikwa kwamba ni kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Nataja hili kwa sababu niliwahi kuulizwa kama mtu anaweza kukinywa ili chakula kisage vizuri. La. Kichupa hicho ni kifaa cha kupimia, kama vile mizani ilivyo kwa muuza nyama. Wapo watu wachache waliozaliwa na upungufu wa sukrasi, na hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwa wenyeji wa Greenland kuliko kwingineko. Sukari kidogo tu huwaharisha. Wao wana dawa yao, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Dawa hiyo, kwa kichekesho cha maumbile, hutoka katika hamira. Hamira ni mkataji mzuri wa sukari; ila si mwakilishi mzuri wa tumbo lako katika majaribio.

Msomaji asidhani kwamba nadharau miti shamba. Ipo iliyopita mtihani. Mforosadi, ambao watoto wetu hupanda kuchuma matunda yake, una kitu ambacho wanasayansi wa Japani walikipata humo mwaka 1976, nacho huzuia vimeng'enya vya utumbo kwelikweli. Watengenezaji wa dawa walikigeuza kidogo na kupata miglitol, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Sri Lanka na India kuna mmea wa kutambaa wa jamii ya Salacia ambao tangu zamani wenye kisukari hunywa maji yaliyolala ndani ya kikombe kilichochongwa kwa mti wake. Mwaka 1997 Wajapani walieleza kilichomo ndani yake, na baadaye vitu vya mmea huo vilipojaribiwa juu ya kimeng'enya cha binadamu kilichotengenezwa maabarani, vilikizuia vizuri sana. Wazee wa Sri Lanka hawakukosea.

Lakini hata hapo safari haijaisha. Katika kichupa hakuna asidi ya tumbo, hakuna maharagwe, hakuna ini wala figo. Mtafiti huweka dawa kiasi anachotaka. Ili upate kiasi hicho hicho katika utumbo wa mita 6 huenda ukahitaji kunywa ndoo. Bado lazima ijulikane kama dawa ina sumu, na kama inagombana na dawa nyingine. Mambo hayo hujulikana kwa kuwapima watu, kwa miezi na miaka.

Nilipata mgonjwa, dereva mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, ambaye sukari yake ilikuwa imetulia kwa vidonge vya metformin na glibenclamide. Aliletwa na mkewe akiwa amekauka midomo, anakojoa kila mara, na haoni vizuri. Sukari ilikuwa 27, ilhali kabla ya kula haitakiwi kupita 7 hivi. Alikuwa ameacha vidonge kwa wiki tatu na kushika unga wa majani. "Daktari, hii imepimwa maabara," aliniambia, akatoa karatasi mfukoni. Niliisoma yote. Ilitaja kimeng'enya mara nne, na kwa maandishi madogo chini kabisa ilikuwa imeandikwa kwamba kilitoka katika hamira. Alilazwa siku tano, akapona, na kwa bahati njema akarudi kazini. Mwenye kisukari cha kutegemea insulini akifanya hivyo, hana wiki tatu. Anaweza kufa katika siku chache.

Kwa hivyo ukipewa karatasi ya namna hiyo, uliza kimeng'enya kilikuwa cha hamira, cha panya au cha binadamu. Uliza kama kuna watu waliopimwa, ni wangapi, na kwa muda gani. Asiyeweza kujibu si lazima awe mwongo, lakini hajui anachokuuzia. Na kama umeamua kutumia majani hata hivyo, usiache dawa zako, na mwambie daktari wako. Anayekemea wagonjwa kwa jambo hili huwafundisha kuficha tu. Tunahitaji kujua, kwa maana jani lenye nguvu likiongezwa juu ya glibenclamide au insulini laweza kuiteremsha sukari mno.

Na hapo pana jambo ambalo hata wauguzi wengine hulisahau. Sukari ikishuka, mgonjwa akaanza kutetemeka na kutoka jasho, desturi yetu ni kumkorogea sukari ya kawaida katika maji au chai. Kwa mtu anayemeza acarbose pamoja na insulini au glibenclamide, sukari hiyo itachelewa, kwa sababu kisu kinachoikata ndicho kilichozuiwa. Huyo anahitaji glukosi yenyewe, ile ya unga inayouzwa katika maduka ya dawa, ambayo haihitaji kukatwa. Aweke pakiti moja mfukoni na nyingine nyumbani, na awaonyeshe wenziwe mahali ilipo.